Nafula Fundi wa Mageti

Nafula alifika Ziwa la Ng'ombe, Kisauni, kutoka Bungoma na watoto wawili, Faith na mdogo wake, baada ya mumewe kuhamia kwa mwanamke mwingine. Aliuza chai mbele ya kibanda cha Rama, fundi wa kuchomelea vyuma, na kila alipopata nafasi alimtazama akiunganisha mageti. Alipoomba kufundishwa, Rama alimwambia hiyo si kazi ya mwanamke. Basi akadunduliza, akanunua mashine kuukuu, akaanza mwenyewe kwa vyuma vilivyotupwa.

Hakuwa na kinga ya uso. Haukupita muda, mwanga mkali wa kuchomelea ukamuunguza macho, yakavimba, yakawasha kama yametiwa mchanga, akawa haoni kitu. Jirani yake Jalila ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni, akamkanda macho kwa kitambaa cha maji baridi, akawapikia wanawe hadi alipoona tena. Nafula alirudi kwenye mashine, safari hii amejikinga. Leo mageti yake yametapakaa Kisauni, na Rama mwenyewe humletea kazi zinapomzidi.

Mwaka huu kikundi cha kina mama kilimwomba awaeleze wasichana alivyofika alipo. Akasimama, akasema hakusaidiwa na mtu, amejijenga kwa mikono yake. Wakampigia makofi. Jalila alikuwa ameketi nyuma. Njiani wakirudi walipokaribia mlangoni, Jalila akauliza kwa upole, "Mama Faith, na yale macho, nani aliyakanda?"

Mwanzo Nafula aliudhika. Jalila hajawahi kuchomelea hata bawaba. Jasho la mageti yale ni la Nafula, na hilo ni kweli. Lakini kesho yake, siku nzima akipiga msasa alijiona tena amekaa kitandani, mashine yake imefunikwa gunia uani, watoto wakicheka jikoni kwa Jalila. Bidii alikuwa nayo tele siku zile, na haikumfikisha hata chooni.

Alipoalikwa tena, alisimulia yote: chai, Rama, maumivu, na Jalila kwa jina lake. Wala hakupunguza hata chembe ya kazi aliyoifanya peke yake. Baadaye Dorothy, mwenyekiti wa kikundi, alimwambia hadithi ya kwanza ilikuwa tamu zaidi.

"Ile ilikuwa fupi," Nafula akasema, akaenda kuketi na Jalila wale pilau.