Mikono Yangu Siku ya Kumzika Mama

Nilitaka kulia. Siku ile sikuwa na haja nyingine. Nilitaka kukaa kwenye kiti cha plastiki pale mbele, karibu na jeneza, na leso yangu mkononi, nilie kama watoto wa watu wengine wanavyolia wakifiwa na mama, mpaka mtu aje anishike bega aniambie basi, inatosha. Na nilikuwa nimejipanga. Wiki nzima kabla ya mazishi nilikuwa nimemtafuta mkalimani, kijana mmoja wa upande wa Maseno aliyesomea lugha ya ishara. Nikamwambia, njoo nyumbani kwetu Katito Jumamosi uwatafsirie marafiki za mama, maana mimi siku hiyo sitaki kuinua hata kidole. Akasema, "Dada, usijali kabisa. Nitakuwa hapo mapema."

Mama alikuwa kiziwi. Homa ilimziba masikio akiwa mdogo, hata hakukumbuka sauti ya mtu yeyote. Baba alikuwa anasikia, lakini alikufa mapema, na sura yake naijua kwa picha tu. Tukabaki wawili, mama na mimi, chumba kimoja Nyalenda, mjini Kisumu, mama akiuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye. Mimi nilizaliwa nikisikia. Nimeambiwa kwamba siku chache baada ya kuzaliwa marafiki zake walikuja wakagonga kifuniko cha sufuria nyuma ya kichwa changu, nikaruka nikalia, wakashangilia kama vile timu yao imefunga bao. Hapo hapo wakanipa jina: kidole kugusa sikio. Kwa viziwi kila mtu ana jina lake la ishara. La mama lilikuwa vidole viwili kupita juu ya paji la uso, kwa sababu alijifuta jasho namna hiyo hata asubuhi yenye baridi.

Basi nikawa sikio kweli kweli. Kabla sijajua kufunga kamba za viatu nilikuwa natafsiri: mwenye nyumba akidai kodi, nesi akiuliza uchungu uko wapi, pasta akiomba sadaka. Nilimtafsiria mama hata mwalimu wangu mwenyewe akinishtaki kwamba mimi ni mtoro na nina mdomo. Unafikiri nilipunguza? Thubutu! Mama alikuwa akiitazama mikono yangu huku akimtazama mtu usoni, na visipolingana, nyumbani nilikiona cha mtema kuni.

Halafu kulikuwa na chama. Wanawake viziwi, wachuuzi na mafundi wa nguo wengi wao, walikutana Jumapili mchana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na miaka yote walikuwa na ombi lile lile: pawe na mkalimani hospitalini, kwa chifu, na kwenye mikutano ya wananchi. Ombi lenyewe si kubwa. Lakini korido za ofisi za Kisumu nazijua, nimekaa kwenye mabenchi yake nikiwa na sare ya shule na nimekaa nikiwa na watoto wangu mgongoni. Na wakubwa wenyewe walikuwa wapole ajabu. "Karibuni akina mama, karibuni sana." Watasikiliza, watatikisa kichwa, halafu mmoja atanigeukia akitabasamu na kusema, "Mwaka huu bajeti imekaza. Lakini si mko na huyu msichana?"

Kila mara. Lakini si mko na huyu msichana. Na mimi nageuka, namwambia mama hayo maneno kwa mikono yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa kisingizio chao, na kisingizio chenyewe nilikitafsiri mimi. Siku moja mama alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha mkubwa kikaruka. "Mwambie," akaashiria, "mwambie huyu ni mtoto wangu, si ofisi." Nikamwambia. Mkubwa akacheka sana, akasema mama yako ana vituko.

Nilichoka mapema, niseme ukweli. Lugha ile naipenda. Ndiyo niliyoanza nayo kabla ya Kijaluo na kabla ya Kiswahili, na nikiota ndoto, watu kwenye ndoto yangu wanaongea kwa mikono. Lakini kuna uchovu unaoingia kwenye viganja ukabaki humo. Hata mwaka huu, daktari alipotuita tukae, alinitazama mimi, akaniambia mimi, "Mwambie mama ugonjwa umesambaa." Nikamwambia. Mama akauliza, "Amesema yeye, au ni wewe unaogopa?" Nikasema amesema yeye. Akanipigapiga goti, akaashiria, "Pole. Kazi mbaya hii." Yaani ni yeye aliyenipa pole mimi.

Sasa Jumamosi ya mazishi imefika, hema limefungwa, jenereta linanguruma, harufu ya nyama inatoka jikoni kwa akina mama, na simu yangu inalia. Yule kijana.

"Dada, pole sana. Wamenichukua. Kuna mkutano wa waheshimiwa mjini, na wamesema lazima mkalimani asimame jukwaani."

"Lazima? Tangu lini?"

"Ndiyo utaratibu mpya."

"Na viziwi wako, wamefika?"

"Bado sijaona."

Nilicheka kicheko kibaya, shangazi yangu akatoka jikoni kuangalia nina nini. Utaratibu ambao mama ameulilia mpaka akazeeka wameuanza siku ya kumzika, na viziwi wote ninaowajua Kisumu walikuwa ndani ya gari moja la kukodi, wanakuja kwetu. Yule kijana alikuwa ameandaliwa jukwaa ashirie hewa.

Wakafika, viatu vizito kwa matope yetu meusi. Wanawake wa chama wote, pamoja na fundi wa nguo wa Awasi, mzee kuliko wote, rafiki wa mama tangu shule. Vijana wa kupanga viti wakawapeleka moja kwa moja mbele ya spika kubwa. Nikauliza kwa nini pale, kijana mmoja akanijibu kwa adabu zote, "Madam, wengine wanasema sauti inawaumiza. Hawa haiwasumbui." Nguzo ya hema ilikuwa mbele yao, hawangeona chochote. Nikawahamisha. Nikatazama kiti changu karibu na jeneza, nikamwachia binti yangu, na mimi nikaenda nikasimama mbele ya wale wanawake, nikakunja mikono ya gauni. Ningefanyaje? Wamekuja kumzika mwenzao. Niwaache watazame midomo ya watu ikifunguka na kufungika kutwa nzima?

Watu hawajui kitu kimoja: huwezi kulia ukiwa unaashiria. Uso ni nusu ya maneno. Nyusi zikipanda ni swali, mdomo ukikunjamana ni jambo dogo au jambo baya. Ukilia, kila unachosema kinalia nacho, hata "mchungaji anawasalimu". Na ukiinua mkono kufuta chozi, maneno matatu yamekupita. Kwa hiyo nilikaza uso. Mama yangu yuko kwenye sanduku, na mimi nimekaza uso natafsiri tangazo la gari lililoziba njia.

Wakaja wasemaji, na kwetu wasemaji hawaishi. Shangazi aliyekuwa akimwita mama "yule bubu wa mjini" alishika maikrofoni akasema mama alikuwa mtu wa maneno machache, mpole, hajawahi kumjibu mtu vibaya. Jamani! Mama, ambaye aligombana na nusu ya Kibuye! Lakini mkalimani hapunguzi wala haongezi. Nikaashiria: mpole. Wanawake wakatazamana.

Kisha akasimama baba mdogo, ndugu ya baba yangu, na koti lake la kahawia.

"Huyu mama mlikuta mambo yake iko sawa," akasema, "lakini mjue ilitoka wapi. Mimi ndio nilimtafutia ile kibanda ya Kibuye. Mimi! Nilienda kwa msimamizi wa soko na hii miguu yangu, nikamwambia, huyu ni shemeji yangu, hasikii, haongei, mhurumieni. Kama si mimi, huyu angekuwa anaomba barabarani."

Hadithi hiyo nilikua nayo. Niliiamini kabisa. Kila Krismasi nilimpelekea baba mdogo sukari na unga wa ngano kwa sababu ya kile kibanda, na nikampelekea kwa heshima. Kwa hiyo niliiashiria yote bila wasiwasi: miguu yake, huruma, barabarani.

Fundi wa Awasi akasimama. Alikuja taratibu, akiegemea mabega ya wenzake, akapita mbele ya wazee wote, akafika nilipo, akanishika mikono yote miwili kwa nguvu. Niliganda. Kwa viziwi, kumshika mtu mikono akiongea ni kumfumba mdomo. Hufanyiwa mtoto mwenye utundu, au mtu mnayegombana naye. Nikajua nimekosea kitu kikubwa.

Akaniachia. "Uongo," akaashiria. "Kaa."

"Si mimi niliyesema. Mimi natafsiri tu."

"Najua. Kaa chini. Mama yako amekufa."

Wiki hiyo nilikuwa nimepewa pole kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwenye simu sijui mara ngapi. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo, uso kwa uso, kwa lugha ya mama: vidole viwili kwenye paji la uso, kisha mkono ukageuka kiganja juu. Mtu akanisukumia kiti, nikakaa. Nikalia, nikalia kwa sauti ambayo wale wanawake hawakuweza kuisikia na wala hawakuihitaji, mmoja akanifuta pua kwa leso yake kama mtoto mdogo.

Kisha wakageuza viti. Hawakuuliza mtu. Waligeuza viti vyao wakatengeneza duara, migongo kwa maikrofoni, mimi katikati, na fundi wa Awasi akaanza kuniambia ukweli wa kibanda.

Walikwenda wawili, yeye na mama. Yeye alikuwa ametaka waje kunitoa shuleni nikawasemee. Mama akakataa. "Leo anasoma," mama alisema. "Mwache." Wakaingia kwa msimamizi wa soko bila sikio wala mdomo. Msimamizi akaendelea kuandika, hakuinua hata kichwa. Basi mama akatoa kipande cha makaa kwenye mfuko wa aproni, akapiga magoti, akachora soko zima kwenye sakafu ya ofisi yake: lango, bomba la maji, choo, safu ya wauza samaki, na kati yao pengo. Kwenye pengo akachora mwanamke. Msimamizi akafanya kama haelewi. Ndipo mama akasimama akamwigiza yeye mwenyewe, mbele yake: tumbo, kalamu nyuma ya sikio, anavyolamba kidole kabla ya kushika ushuru wa watu. Wachuuzi wakajaa mlangoni wakicheka, mpaka msimamizi akashindwa, akacheka naye, akatoka kwa miguu yake akawaonyesha lile pengo.

"Na baba mdogo?" nikauliza.

"Alikuwa Kericho, anachuma majani chai. Hata hakuja kukiona."

Fundi aliigiza yote. Alikuwa mama, halafu akawa mama anayemwigiza msimamizi, na yale mashavu yake ya kizee yakajaa hewa, na nikamwona mama yangu akiwa kijana, siku ambayo sikuwepo, siku ambayo hakunihitaji. Siku nzima nilikuwa darasani nikijifunza hesabu kwa sababu yeye aliamua hivyo. Na hakuniambia kamwe. Nikacheka. Nilicheka huku kamasi zinatoka, na wale wanawake wote wakacheka, na kicheko cha viziwi hakina adabu ya matanga, kinatoka kilivyo.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama na maikrofoni. Watu walikuwa wamegeuza shingo kututazama. Shangazi ameshika mdomo.

"Wewe binti yetu," baba mdogo akasema kwenye spika, na sauti yake ikarudi kutoka upande wa barabara. "Hao wanacheka nini hapa kwa matanga? Hebu tuambie. Wanasema nini?"

Kila mtu akaningoja, kama wanavyoningoja siku zote. Maneno yote nilikuwa nayo, ya Kijaluo na ya Kiswahili, tayari kabisa, na yangemvua nguo mbele ya ukoo mzima. Mikono yangu ilikuwa imelala mapajani. Fundi wa Awasi alinitazama usoni, hakunisihi wala hakunikataza.

"Ngoja, Baba," nikasema. "Bado wananiambia."

Nikamgeukia fundi, nikainua nyusi: kisha ikawaje?