Siku Tulipokataza Shikamoo

Nina miaka kumi na tisa, nasomea shahada ya sanaa, na mpaka leo mama akiulizwa na majirani zetu wa Manzese ninasomea nini, anajibu "yuko chuo", halafu anauliza bei ya nyanya. Simlaumu. Ukisema mwanao anasomea uhasibu, mazungumzo yanasonga. Ukisema anasomea kuchora, mtu anakutazama akisubiri umalizie sentensi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni chumba cha juu. Huko ndiko wanakokaa wanafunzi wa rangi ya mafuta. Kina madirisha makubwa, kanvasi zimeegemea ukuta, na harufu ya tapentaini wanayoyeyushia rangi inashuka ngazi mpaka chini tuliko sie wa penseli. Kila asubuhi nilikuwa napanda, nachungulia, navuta pumzi kama mtu anayepita nje ya nyumba wanakokaanga samaki, halafu nashuka zangu. Nafasi za juu ni chache. Mwisho wa mwaka mwalimu anachagua wa kupanda, waliobaki wanakwenda kudizaini nembo za maduka kwenye kompyuta. Sina ugomvi na nembo za maduka. Mie nilitaka rangi, nilitaka mpaka soksi zangu ziwe na rangi.

Mwalimu wetu wa kuchora, tunamwita madam, ni mama mfupi asiyepoteza maneno. Kipimo chake kilikuwa hiki: kila mmoja wetu alete mtu wa nyumbani, akae kwenye kiti mbele ya darasa, wote tumchore kwa mkaa kwenye karatasi kubwa. Aliyemleta mtu ndiye anayeamuliwa siku hiyo, anapanda au hapandi.

Jamaa mmoja wa Kawe alimleta mjomba wake, mtu wa heshima, amevaa suti kabisa. Akakaa vizuri. Tatizo ni kwamba darasa letu ni la wachelewaji, na hakuna mtoto wa watu anayeingia mahali akampita mtu mzima bila salamu. Kila aliyefungua mlango, "shikamoo mzee". Na kila salamu, mjomba aligeuka mwili mzima, "marahaba, marahaba", akirudi amekaa kivingine. Mwisho wa kipindi nusu ya darasa walikuwa wamemchora anatazama mlango, nusu anatazama dirisha. Mpwa wake mwenyewe alimpa shingo kama nguo inayokamuliwa. Madam akapita, akasema, "Mmenichorea ukoo mzima." Jamaa leo yuko kwenye kompyuta.

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo bibi, mama yake mama, akajitolea.

"Nitakwenda mie," akasema. "Nikakione hicho kinachokupotezea ujana."

Bibi ni mtu wa Dar wa kuzaliwa, na ananiita mume wangu kama mabibi wanavyowaitaga wajukuu, ila yeye ananigombeza kama mume kweli. Alipouona mkaa wangu wa kuchorea, vijiti vyembamba kama njiti za mshikaki, akakiokota kimoja akakipima kwa jicho.

"Huu unapikia nini?"

"Haupikii, bibi. Ni wa kuchorea."

"Ndiyo maana unakonda."

Nikamweleza kwamba akikaa kwenye kiti asitikisike.

"Kwani nitakuwa nimekufa?"

"Kidogo tu, bibi. Mpaka saa sita."

Siku yenyewe tukapanda basi la mwendokasi mapema, tukafika chuo mwalimu hajaja. Bibi kavaa baibui lake la kutokea, kucha zina hina mbichi, ananukia udi. Nikamkalisha karibu na dirisha. Halafu nikatoka nje na karatasi, nikaandika kwa mkaa, herufi kubwa, nikabandika mlangoni: MODELI NI MTU MZIMA. TAFADHALI USIMSALIMIE. Nikarudi ndani najiona nina akili kuliko chuo kizima.

Wenzangu wakaanza kuingia, na dawa ikafanya kazi. Mtu anafungua mlango, anamwona bibi, anameza mate, anainamisha macho, anapita kwa kunyata. Dada mmoja wa bara alishaanza kupiga goti pale mlangoni, akakumbuka, akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala. Mie nacheka kwa ndani, mkono unakwenda. Kichwa cha bibi hakijasogea hata kidogo. Mtandio ukatokea, bega likatokea, mdomo ukatokea. Harufu ya tapentaini nilishaanza kuisikia puani.

Nikaona kidevu kinapanda. Mdomo nao umebanwa, mdomo ule anaomwekea muuza maziwa akimshuku ametia maji. Nikadhani ni bidii ya kazi, nikauchora hivyohivyo.

"Mume wangu," akaita.

Darasa likaangua kicheko.

"Naam, bibi."

"Hawa wenzio wana mama zao?"

"Wanao, bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa mie nimewakosea nini? Wameingia watoto chumba kizima, hata mmoja wa kunipa shikamoo hakuna. Msibani penyewe watu wanasalimiana." Akaanza kukusanya baibui lake. "Nirudishe nyumbani. Nimeshaona unachosomea."

Akasimama. Hana modeli, hana mchoro, hana chumba cha juu: huyo alikuwa mie.

"Bibi, sie tumekatazwa," akasema braza mmoja wa nyuma. "Imeandikwa pale mlangoni."

"Kaandika nani?"

Darasa zima likanigeukia. Wasaliti wengine wakaninyooshea mikaa kabisa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia madam, tangazo langu analo mkononi. Akamtazama bibi aliyesimama, akanitazama mie, akaelewa. Akaenda mpaka pale kwenye kiti, akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe hukukatazwa?"

"Nimekatazwa. Nimekuja na katazo lenyewe." Akalikunja, akalitia mfukoni. "Wekeni mikaa chini. Jipangeni."

Bibi akakaa. Foleni ikaanza. Na bibi hasalimii kwa haraka. Kila mmoja anaulizwa kwao wapi, mama hajambo, baba yuko wapi. Wa Kimara akaulizwa kama maji yanatoka. Yule dada wa bara akapiga goti lake kwa raha zote. Muda unayeyuka, mie niko mkiani, natazama karatasi yangu. Pale kuna mama mmoja amenyooka, kakasirika, kama picha ya kitambulisho.

Halafu nikamtazama bibi mwenyewe. Shingo kailaza upande wa mtoto anayesema naye. Mkono wa kulia umeshikwa na mwenye kusalimia, wa kushoto umemkamata kifundo cha mkono asiondoke kabla habari hazijaisha. Mikono ileile iliyonikamata mie tangu nikiwa natambaa. Nikatoka kwenye foleni, nikaigeuza karatasi, nikaanza upya nyuma yake. Nilikuwa nachora kama mtu anayekimbizwa. Mkaa ulivunjika, nikaendelea na kipande.

Nilipoinua macho foleni imeisha, bibi ananingoja.

"Na wewe?"

"Mie nimekusalimia nyumbani, bibi."

"Nyumbani nilikuwa bibi yako. Hapa mie modeli."

Nikaenda, nikampa shikamoo yake. Akanikamata kifundo. Nilipomwachia mkono, hina imechanganyika na mkaa.

Baada ya hapo alikaa kama jiwe, wenzangu wakapata walichopata. Madam akapita kwa kila mtu, akaishia kwangu.

"Mkono mkubwa kuliko uso."

"Ndiyo, madam."

"Umekosea?"

Mie huwaga na jibu la kuchekesha kwa kila kitu. Siku hiyo nikauonyesha ule mkono kwa kipande cha mkaa. "Hapana. Mkono ndio unaokufikia kwanza."

Akaifunua karatasi, akaona yule mama wa mbele, akaigeuza tena. "Huyu wa upande ule simjui." Kisha akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Juu, dirisha la mwisho halifungi. Mvua ikinyesha usiache kanvasi chini yake."

Ilinichukua muda. Wenzangu ndio walioelewa kwanza, wakaanza kugonga viti kwa mdundo wa singeli, na mie nikajikuta nacheza na karatasi kubwa kuliko mie.

Tulipotulia, watu wanafunga mizigo, bibi bado yuko kitini, macho dirishani.

"Bibi, tumemaliza."

Midomo haikufunguka vizuri. "Ulisema nisitikisike."

"Nimechaguliwa, bibi. Napanda juu."

Akageuka mwili mzima kama yule mjomba, akanyoosha mkono nimwinue. "Basi nipeleke nikaone huko juu. Na huyo mwalimu umwambie, mkono wangu hauko mkubwa hivyo."

Tukapanda ngazi taratibu, harufu inazidi kila hatua. Ndani wa rangi ya mafuta walikuwa kimya, wametugeuzia migongo, wanapaka. Bibi akasimama mlangoni, akaweka sawa mtandio wake, akangoja.

Nikakohoa.