Kadi ya Picha ya Kigombe

Naandika haya aibu ikiwa haijanitoka. Natengeneza programu za kompyuta hapa Tanga. Kikundi cha wavuvi wa Kigombe kiliniomba programu ya kuonyesha ramani ya matumbawe, maana watu walishatoana damu wakibishania sehemu zilizofungwa kuvuliwa.

Kwanza nilitakiwa kuchagua zana ya kuundia madirisha na michoro ya programu hiyo. Elia, mwenzangu kazini, alinishauri nitumie ile ya zamani inayokubali mashine yoyote. Mimi nikatamani ile mpya, ambayo ramani yake huzunguka na kuonyesha kina cha bahari, ila inadai kadi ya picha yenye nguvu, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha kwenye kioo. Nikampigia katibu wa kikundi, Bi Mwanaidi.

"Shikamoo mama. Kadi ya picha mnayo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo, tena kubwa."

Nikafanya kazi miezi minne.

Siku ya kuonyesha, wavuvi walijaa ofisini kwao Kigombe. Nikaiweka programu kwenye kompyuta yao, kioo kikabaki cheusi. Nikawasha na kuzima mara tatu, jasho linanitiririka.

"Mama, si ulisema kadi ya picha ipo?"

"Ipo." Akafungua mtoto wa meza, akanikabidhi kadi ya kamera. "Picha zetu zote zimo humu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Kijana, miezi yote hiyo, uliwahi kuja kuiona kompyuta yetu?"

Kutoka kwangu hadi Kigombe si mbali. Niliinama, nikawajibu kwamba sikuwahi kuja hata siku moja.