Kura ya Mbegu za Pamba

Nilipomaliza chuo kikuu nilikuwa na shahada ya sayansi ya siasa, jozi moja ya viatu vya ngozi, na imani kwamba nchi inanisubiri. Nchi haikuwa na habari. Serikali ilikuwa imepunguza kuajiri, viwanda vilikuwa vinauzwa, na sisi wenye shahada za namna yangu tulikuwa tunarudi makwetu kimya kimya, kama wagonjwa walioruhusiwa hospitali kabla hawajapona. Mimi nilirudi Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa wilaya tu ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa.

Kilichoniokoa ni haki za binadamu. Zilikuwa zama za vyama vingi na soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao, na nyuma yao zikaja fedha za wafadhili, zikipitia serikalini, za kuwafundisha wananchi kwamba wao ni wananchi. Mradi wetu wa elimu ya uraia ulikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, mratibu mmoja, pikipiki moja ya mratibu, na wawezeshaji wanne tuliopewa baiskeli. Mwezeshaji ni mwalimu asiyeruhusiwa kusema kwamba anafundisha. Nilipewa pia fulana tano zenye maandishi kifuani, kalamu za rangi, na karatasi kubwa za kubandika ukutani ambazo upepo wa kule hauzipendi.

Nilipangiwa vijiji vya upande wa Sapiwi, kikiwemo kijiji alikoolewa sengi yangu, yaani dada yake baba. Alikuwa mjane wa umri wa miaka hamsini na kitu, mwenye ng'ombe wachache na maksai wawili wa kulimia. Semina ilifanyika siku tatu katika darasa la shule ya msingi. Sengi alikaa dawati la mbele siku zote tatu. Hakujua kuandika, lakini kila nilichosema alikitikisia kichwa polepole, kama mtu anayepakia mzigo na kuufunga kamba.

Nilisema mambo makubwa. Nilisema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka, mwenyekiti ni mtumishi wake. Nilisema mwananchi yeyote ana haki ya kuomba asomewe muhtasari wa kikao, na asiposikilizwa ana haki ya kupeleka malalamiko ngazi ya juu. Kwa kuwa wengi hawakusoma, kura ya siri niliifundisha kwa mbegu. Kila mtu alipewa punje ya mahindi na mbegu ya pamba, akaenda nyuma ya ubao, akadondosha moja ndani ya kibuyu. Mahindi ni ndiyo, pamba ni hapana. Tulipigia kura swali la kubuni, kama watoto wapikiwe uji shuleni. Uji ulishinda. Watu walifurahi kuliko nilivyotarajia, na mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mcheshi aliyehudhuria siku zote, alinishika mkono.

"Kura hii haina ugomvi," alisema. "Hujui jirani yako kadondosha nini."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, chini ya kichwa cha mafanikio.

Baada ya mavuno ndipo likaja suala la ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Kijiji kile kilikuwa na ngitili moja ya wote, na wenye ng'ombe wachache kama sengi waliitegemea. Lakini pamba ilikuwa imepata wanunuzi wanaogombaniana, na kila mtu alitaka kulima zaidi. Viongozi wakatangaza mkutanoni kwamba ngitili itagawanywa mashamba. Walitangaza, hawakuuliza.

Sengi akasimama. Wanawake kule hawakukatazwa kusimama, ila hapakuwa na aliyewahi kuona sababu ya kufanya hivyo.

"Mwenyekiti, naomba tusomewe muhtasari wa kikao kilichoamua."

"Mayu," yaani mama, mwenyekiti akamwambia kwa upole wa kuchekesha watu, "ng'ombe wako siku hizi wanakula muhtasari?"

Watu walicheka.

"Wanakula majani," sengi akajibu. "Ndiyo maana nauliza."

Hapo pia walicheka, lakini si wote, na mwenyekiti hakucheka. Muhtasari haukusomwa. Wiki iliyofuata sengi akaja kwangu Bariadi kwa baiskeli, akaniomba nimwandikie barua ya kwenda wilayani. Nilimwandikia kwa furaha niliyoona aibu kuionyesha. Kurasa mbili, pamoja na ibara za katiba. Ilikuwa barua nzuri. Aya yake ya pili naikumbuka mpaka leo, kwa fahari ambayo sistahili. Akaweka dole gumba chini, nikaipeleka mwenyewe.

Barua ilifanya kazi, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Ofisa wa wilaya alikwenda kijijini kwa gari, akamkaripia mwenyekiti mbele ya watu kama anakaripia mwanafunzi, akaagiza mkutano uitishwe upya. Mimi nilimpiga sengi picha akiwa amevaa fulana ya mradi juu ya gauni, nikaibandika kwenye ripoti, nikaandika ukurasa mzima wa hadithi ya mafanikio. Niliandika kwamba mama huyu amejitambua. Mratibu alinipongeza. Nilinunua soksi mpya.

Mvua zilipokolea nilikwenda kufanya ufuatiliaji. Karibu na shule nilimkuta mwenyekiti anaelekea shambani na jembe begani. Nikamsalimu, akaitika vizuri tu.

"Umekuja kumwona sengi yako? Mwone. Ila ametengwa."

Nilidhani sikusikia. Akanieleza bila kificho, kama mtu anayemweleza mgeni bei ya mahindi. Sengi alikuwa ameyatoa maneno ya kijiji na kuyapeleka bomani. Akaleta gari. Kijiji kikatukanwa mbele ya watoto wake. Kwa hiyo mkutano ukaitishwa upya, kama ofisa alivyoagiza, kugawanywa kwa ngitili kukapitishwa, na likaongezwa jambo la pili.

"Tumepiga kura," alisema. "Ile yako. Mahindi asamehewe, pamba atengwe. Kibuyu kilijaa pamba, mwalimu wa haki! Hata wewe ungefurahi."

"Na wanawake walipiga?"

"Wote. Si ulisema usawa?"

Kwa kipimo cha mradi wetu lilikuwa zoezi safi. Mahudhurio makubwa, siri imezingatiwa, hakuna aliyetishwa. Kama lingekuwa la kuchagua mlinzi wa shule ningelipiga picha.

Sengi nilimkuta anapalilia peke yake, katika shamba ambalo magugu yalikuwa yamemshinda. Miaka mingine angeita majirani, angepika, watu ishirini wangemaliza kwa siku moja. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono, akanipa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, baba." Nikaitika. Akarudia tena, "Mwangaluka," nikaitika tena, na ndipo nikaelewa kwamba anakunywa kile kiitikio kama maji.

Kutengwa hakuna kipigo. Unasalimia, mtu anapita. Ukipeleka mahindi mashineni, mashine inaharibika mpaka uondoke. Dukani chumvi imekwisha. Kuna mwanamke aliyekuwa rafiki yake tangu wote wawili waletwe pale kama maharusi, na huyo, alisema sengi, alimwona kisimani akageuza uso huku machozi yanamtoka. Atakayemsemesha naye atatozwa faini.

Nilianza kuzungumza. Nikasema ni kinyume cha katiba, nikasema tutakwenda kwa mkuu wa wilaya, nikasema kuna wanasheria Mwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sengi hakuwahi kumkatiza mtu.

"Umenipeleka bomani mara moja," alisema. "Nilipenda. Sikudanganyi, nilipenda. Lakini nikifa kesho, mkuu wa wilaya atakuja kuchimba kaburi?"

Nilirudi Bariadi nikamweleza mratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alishika kichwa, akasikitika kwa dhati, kisha akanionyesha sehemu ya fomu ya ripoti. "Andika kwenye changamoto," alisema. Mistari ilikuwa mitatu. Niliijaza, na nakiri kwamba hata hapo nilihangaikia mtindo. Nilifuta neno "kutengwa" nikaweka "mwitikio hasi wa jamii", halafu nikafuta hilo nikarudisha la kwanza. Ndio ujasiri wote niliouonyesha katika miezi miwili.

Halafu sengi akanitumia ujumbe kupitia dereva wa lori la pamba. Njoo Alhamisi, asubuhi. Nikaenda. Alikuwa amevaa vizuri, amejifunga khanga ambayo huitoa kwa misiba na harusi tu. Aliniambia amekwenda kwa wazee kuomba arudishwe. Wametaja mchenya, ile faini ya kimila, ambayo ni dume mmoja. Atatoa maksai mmoja. Nikamwambia maksai mmoja halimi. Akasema analijua hilo kuliko mimi.

"Na kuna jambo jingine," alisema. "Wanataka niseme kwamba haya hayakutoka kichwani mwangu. Kwamba kuna mtu alinipotosha."

"Sema ni mimi."

"Nimeshasema. Wanataka wewe mwenyewe ukiri."

Ningependa kuandika kwamba nilisita kwa sababu ya msimamo. Nilisita kwa sababu nilifikiria mratibu akisikia, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Sengi aliniangalia bila kunihimiza. Kwa miezi miwili alikuwa amezoea kusubiri watu wafungue midomo.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa kuliko siku zote za semina zangu, na hapakuwa na soda. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, sengi katikati, chini, peke yake. Mwenyekiti akaniita nisimame karibu naye.

"Huyu mnamfahamu. Mwalimu wa haki. Ana maneno."

Nikasema kwamba mama huyu hakuwa na kosa. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha na mimi ndiye niliyeandika barua. Nikasema naomba radhi. Nilidhani hapo nimemaliza.

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Tuelewane vizuri, kijana wetu, wewe umesoma. Kupeleka maneno ya kijiji bomani, ni haki au si haki?"

Nilimwangalia sengi. Alikuwa ameinamisha macho kwenye mchanga.

"Si haki," nikasema.

"Sema kwa sauti, kule nyuma hawasikii. Ulikuwa na sauti darasani."

"Si haki!"

"Na kuomba kusomewa muhtasari?"

"Si haki."

"Kwa hiyo ulimwongopea mama yako."

"Nilimwongopea."

Mtu mmoja upande wa wanaume akasema kwa sauti, "Na shahada yake yote!" na uwanja mzima ukacheka, kicheko cha kweli, kisicho na chuki hata kidogo. Mimi pia nikatabasamu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi, kuliko yale maneno. Hakuna aliyeniagiza kutabasamu.

Safari hii hawakuona haja ya kibuyu. Mwenyekiti aliuliza nani anakubali arudi, mikono ikaenda juu pande zote mbili, na yule rafiki yake sengi aliinua yote miwili. Alikuwa wa kwanza kufika katikati. "Mwadila, mayu," alisema, maana jua lilikuwa limeshapita utosini, na sengi akaitika. Wakaja wengine. Walimsalimu mmoja mmoja, kwa urefu wote wa salamu za kwetu, na yeye akaitika kila moja bila kuruka neno.

Ngitili haikutajwa na mtu. Nyuma ya madarasa iliweza kuonekana, imelimwa matuta mpaka mpakani, pamba imeshafika magotini.

Maksai alichinjwa palepale, mioto ikawashwa. Sengi akanivuta kando, tukatembea kidogo kuelekea ilipokuwa baiskeli yangu.

"Niambie, baba," alisema. "Uliongopa leo, au uliongopa siku ile?"

"Leo."

Alifikiri. Sijui kama ndilo jibu alilotaka. Kama ningesema siku ile, angekuwa amepoteza dume kwa ajili ya upuuzi wa kijana. Kwa kuwa nilisema leo, alikuwa amempoteza kwa jambo la kweli, na ukweli huo asingeweza kuutumia tena popote.

"Basi usilirudie hapa," akasema. "Na usikae. Ukikaa watasema bado tunapanga maneno."

Nyama ilikuwa imeanza kunukia. Watu waliketi kwa makundi, na yule rafiki yake alikuwa anamwita, amemwekea nafasi. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nimetoka Bariadi kwa baiskeli tangu alfajiri, na kwa desturi yetu shangazi angekubali aibu yoyote kabla ya ile ya kuniacha niondoke na njaa. Lakini hakuniambia nisubiri hata kipande cha kula njiani. Alishika usukani wa baiskeli, akaigeuza mwenyewe ielekee barabarani, akanikabidhi.

Niliondoka bila kula. Nilipogeuka kutazama, alikuwa tayari ameketi kati ya wanawake, amenipa mgongo, mkono wake unakwenda kwenye sinia pamoja na mikono ya wenzake.