Zaina Aliomba Kuchuchumaa

Walisema msichana wa Kabambare hataiweza shule ya wakunga. Atarudi na mimba, si na diplome. Nilirudi na diplome, wa kwanza katika darasa letu, na hakuna mjomba aliyenibeba kwa jina lake.

Siku ya kwanza kwenye materniti ya Kasongo, hospitali ya uzazi tuliyosomea, Mamere mkuu, mtawa wa Kibelgiji, alitufundisha sheria moja kabla hata ya kutuonyesha mkasi: mkono hauendi bila amri. Mzazi alilazwa chali mezani. Mtoto alipimwa na kuogeshwa kwanza, ziwa lilingoja. Kwetu, mama zetu waliwachuchumaza wazazi na kuwapa watoto ziwa papo hapo, ili kondo la nyuma litoke na damu ikatike. Mamere aliuita huo ushenzi. Mimi nilikubali upesi kuliko wote.

Kisha akaja Zaina, mke wa fundi matofali. Mtoto alitoka vizuri, lakini kondo lilibaki na damu haikukoma. Akanishika aproni.

"Dada, uniache nichuchumae. Uniletee mutoto wangu."

Tulikuwa wasaidizi watatu, sote binti za wakunga wa kijiji. Tulijua. Niliwaangalia wenzangu, nao wakaniangalia. Kila mmoja alingoja mwingine aseme.

"Mshike mabega," Mamere alisema, bila kupaza sauti.

Nikamshika. Nilikuwa na nguvu siku hizo. Alikufa chini ya mikono yangu. Mamere akaandika kitabuni kwamba alifika amechelewa, nami nikatia sahihi.

Baadaye nilipewa materniti ndogo ya Kabambare niiongoze. Adhuhuri moja nilimkuta mwanafunzi wangu Mwavita amemchuchumaza mzazi, mtoto yuko ziwani, kondo limeshatoka. Nikauliza nani ameamuru.

"Hakuna mutu, Mama. Yeye mwenyewe aliomba."

Mzazi alikuwa mzima kabisa. Mwavita nilimfukuza siku ileile.

Sasa nimestaafu. Diplome iko ukutani, na kioo chake nakifuta mwenyewe. Kisa cha Zaina nimekisimulia nyumbani miaka mingi, kama mfano wa nidhamu.

Mwezi wa binti yangu wa kujifungua ulipotimia, alifunga vitambaa vyake aende Lusangi, kwa Mwavita, anayezalisha huko tangu nimfukuze. Nikachukua mkoba wangu nimfuate. Akanizuia mlangoni, kwa upole.

"Ubakie, Mama. Ukikuja, utanishika mabega."