Senti Kumi ya Nikodemu

Nikodemu ana wivu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Mwenge kila mtu analijua na hakuna anayemwambia, na mimi ambaye kibanda changu kimepakana na chake nimechoka kunyamaza.

Ni mchonga vinyago, mtu wa Masasi, makazi yake Mbezi Luis. Kijana mmoja, Valerian, alikuja kwake hajui hata kushika patasi, akafundishwa mpaka akapata kibanda chake. Baadaye Valerian akaanza kupenda sarafu za mkoloni. Alikwisha kusikia kwa wakusanyaji kwamba zamani ile herufi ndogo ya kuonyesha kiwanda kilichotengeneza sarafu iligongwa kwa mkono kwenye chuma cha kuchapia. Ikikaa upande, fundi aliigonga tena, na herufi ya kwanza ikabaki inachungulia nyuma ya ya pili. Sarafu ya namna hiyo hutafutwa sana. Shida ni kwamba mashine nayo ikitikisika huchora kivuli kinachofanana, na hicho hakina maana kwa mtu.

Valerian akamuuliza mwalimu wake. Nikodemu akamjibu huku akiendelea kuchonga, kwamba pigo la pili la patasi huwa na ukuta wake na kona zake, lakini patasi ikiteleza huacha ngazi bapa tu. Atazame kona.

Neno hilo ndilo lililompa Valerian jina. Siku hizi wakusanyaji wanatoka Kinondoni na Kinyerezi kila Jumamosi kumletea sarafu azikague, na wakipotea humuuliza Nikodemu kwa Valerian ni wapi. Yeye huwaonyesha kwa kidevu. Wakishapita hunigeukia na kusema asante ya punda ni mateke, nami namwitikia, maana ana patasi mkononi.

Mwaka huu Nikodemu akaanza kutafuta sarafu yake kimyakimya. Alitaka Jumamosi moja tu wakusanyaji wakae kwenye benchi lake yeye. Akachambua makopo ya wauza vyuma chakavu mpaka akaipata: senti kumi ya shaba yenye tundu katikati, nyeusi kama sufuria ya kuni, na nyuma ya H, herufi ya kiwanda, kona za H nyingine. Akanionyesha. Hata mimi niliziona.

Sasa, mchongaji wa Mwenge hampi mteja kitu kisichong'aa. Kinyago hupigwa msasa, kikapakwa dawa ya viatu, kikasuguliwa kwa kitambaa mpaka ujione. Ijumaa Nikodemu aliifanyia senti ile vivyo hivyo, kwa mapenzi kabisa. Jumamosi senti ikawaka kama pete ya harusi.

Aliwaita wakusanyaji wote benchini kwake. Wakaja, Valerian mbele. Akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaigeuza. Wenzake walikwisha kutazamana.

"Braza, H mbili zilikuwepo, mie nakuapia," alisema Valerian. "Lakini msasa umekula kona. Sarafu haiguswi, braza. Inabaki na uchafu wake."

Kisha akafanya jambo baya kuliko kumcheka. Aliwageukia wale watu akawaambia kwamba yote anayoyajua kuhusu herufi amefundishwa na huyu mzee. Wakamtazama Nikodemu kwa huruma. Valerian akaomba aihifadhi yeye hiyo senti, awe anawaonyesha watu na kuwatajia nani aliyeiona.

"Siitoi," alisema Nikodemu.

Walipoondoka alichukua msumari, akaupitisha kwenye lile tundu na kuipigilia sarafu kwenye benchi, upande wenye herufi chini. Nilimwambia huo ni ujinga. Akasema afadhali iozee hapo kuliko kuwa kwenye boksi la Valerian.

Bado ipo. Valerian hupita kila asubuhi, husema "shikamoo mwalimu", kisha hukaa kwenye benchi, juu kabisa ya ile senti. Nikodemu huitika marahaba na kuendelea kuchonga.