Nilivyomtafutia baba mkwe browser mpaka ng'ombe wa Nambis wakapata chanjo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naona humu nyuzi za kubishana browser ipi ni kali haziishi, watu wanapima speed kwa sekunde. Mimi nina kisa. Ni cha kweli, na mke wangu anachungulia hapa begani kuhakikisha sitii chumvi.

Majina ya browser sitataja, nisije nikaonekana nimelipwa.

Mimi ni mwalimu, kwetu Tabora, nafundisha Balangdalalu. Nimeoa Mbulu, huko Nambis. Baba mkwe, Mzee Bura, ni mkulima, mfugaji na mzee wa kanisa. Maneno yake machache. Tangu nimuoe binti yake alikuwa ananiita "mwalimu" tu, kama vile nimekuja kukagua.

Watoto wake walimnunulia simu ya kupangusa. Akaipenda kweli. Anasoma habari, anasoma neno la siku, anatafuta dawa za minyoo ya kondoo.

Sasa siku moja kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mchungaji akamwomba asome mstari kwenye simu yake. Kugusa tu, skrini ikajaa tangazo la kamari na sauti ya dada mmoja ikatoka kwa nguvu: "Bonyeza hapa ushinde leo!"

Mzee hajui pa kuzima. Dada anaendelea.

Mwenzake, Mzee Tluway, akauliza, "Kumbe Bura unabeti?"

Kikao kizima kicheko.

Mzee alirudi nyumbani, simu akaifungia kwenye sanduku la nguo. Akamwambia mama mkwe, "Hiki kitu kimenivua nguo mbele ya watu." Akaanza hata kusema ataacha uzee wa kanisa.

Mke wangu akanigeukia. "Si wewe unayejifanya mtaalamu wa simu? Nenda kamtengenezee baba."

Likizo ilipofika tukanunua bando Katesh, tukapanda Mbulu.

"Baba, naomba niione ile simu."

"Ya kazi gani, mwalimu? Ile ni ya walevi."

Mama mkwe ndiye aliyeitoa sandukuni.

Nikaanza na browser iliyokuja na simu. Kuingia settings, wakuu, nilichoka. Tovuti chungu nzima zimeruhusiwa kutuma notifications! Kila iliyouliza "Allow?", mzee alibonyeza Allow. Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu akipiga hodi, utamnyima karibu?"

(Wale mnaocheka, kaangalieni simu za wazazi wenu kwanza.)

Nikazifuta zote. Kelele zikapungua, ila matangazo ndani ya kurasa yalibaki, na maandishi ni madogo kama mchwa. Ukiyakuza kwa vidole, nusu ya sentensi inakimbilia nje ya skrini.

Nikahamia ya pili, nyepesi, haili bando. Kwao network inapatikana vizuri kwenye mteremko nyuma ya zizi tu, kwa hiyo nikaona hii ndiyo yenyewe. Nikajisifu mpaka kwa shemeji.

Kesho yake mzee akaniita. "Mwalimu, hii inanisomea habari za juzi."

Kweli bwana. Ili kubana data ilikuwa inamwonyesha kurasa ilizohifadhi, mpaka u-refresh mwenyewe. Mimi na wewe tungegundua. Mzee angeamini.

Ya tatu ikazuia matangazo yenyewe. Ina kitufe, ukikigusa ukurasa unabaki maandishi matupu, nami nikayakuza kabisa. Inakula bando zaidi kidogo, nikakubali. Somo nililompa lilikuwa moja: ikipiga hodi, usiifungulie.

Alisoma ukurasa mzima. Akasema, "Hii ina adabu."

Kumbe kazi yenyewe bado.

Siku mbili tatu baadaye Mzee Tluway akaja mbio. Kwenye group la WhatsApp imeingia meseji: chanjo ya ng'ombe ya kesho imeahirishwa. Watu wanapanga kupeleka mifugo malisho ya mbali. Na majirani walikuwa wameshaanza kuzika ndama waliokufa kwa ugonjwa.

Baba mkwe akachukua simu yake. Akaenda nyuma ya zizi. Alirudi anasoma kwa sauti, tangazo la asubuhi ile kwenye tovuti ya halmashauri: chanjo ipo palepale, kesho, kwenye josho.

"Yako umeitoa wapi, Tluway?"

"Imeforwadiwa."

"Mwalimu, mpigie bwana mifugo."

Nikampigia, nikaweka loudspeaker. Bwana mifugo akashangaa. "Nani kaahirisha? Dawa ninayo hapa!"

Mzee akachukua fimbo mkono mmoja, simu mkono mwingine, akapita nyumba kwa nyumba. Mimi nyuma yake natafuta pumzi, ile milima si ya mtu wa Tabora. Kila boma anasoma tangazo upya, na kila mara sauti inapanda.

Kesho yake, wakuu, josho lilijaa mpaka foleni ya ng'ombe ikafika barabarani! Bwana mifugo akasema alidhani ule uvumi ungemwacha peke yake na box lake la dawa.

Katikati ya vumbi lile Mzee Tluway akasogea na simu yake. "Bura, na hii yangu itie adabu."

Baba mkwe akanishika bega. "Mpe mwanangu huyu."

Mwanangu. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Nilichojifunza: browser bora ni ile inayomfaa anayeitumia, siyo inayoshinda kwenye kubishana kwetu. Na kabla hujailaumu, kagua ulichoiruhusu.

Haya, nanyi wazazi wenu mmewawekea ipi? Ila mkikomenti anzeni na shikamoo. Mzee anasoma uzi huu mwenyewe.